UZI: Nairobi mpaka Moyale kwa gari, na rafiki niliyedhani namjua

#1 Baba Njeri (mleta uzi)

Wadau, hamjambo. Mimi humu ni wa kusoma tu, lakini leo nina la kusimulia. Ni refu, kwa hiyo nitalikata vipande.

Mwezi wa saba mimi na rafiki yangu tulitoka Nairobi na gari mpaka Moyale. Ni kama kilometa 780, kwenda tu. Siku mbili njiani, siku tatu kwao, siku mbili za kurudi. Gari ni Probox yangu ya kazi, ile inayobeba sukuma na vitunguu kutoka soko la Marikiti kila alfajiri.

Rafiki yangu nitamwita Baba Halima, maana ndivyo mtaa wote unavyomwita. Anauza vitambaa Eastleigh, hapa Nairobi. Tumejuana miaka 16, na watoto wangu wanamwita anko. Mwaka 2022 tulipomzika baba yangu kule Murang'a, alifika usiku wa kuamkia mazishi, akavua shati na kushika sepeto pamoja na ndugu zangu mpaka kaburi likakamilika. Amefika kwetu mara nne. Mimi kwao sikuwahi kukanyaga. Kila mwaka nilisema tutaenda, na kila mwaka kulikuwa na jambo: shule zinafunguliwa, biashara imelala, mvua imeharibu mboga.

Mwaka huu mama yake akaanguka, akaumia nyonga. Baba Halima akaniambia anapanda basi Ijumaa usiku. Nikamwambia hapandi basi lolote, tunakwenda na gari langu.

Naandika kwa sababu mbili. Moja, watu wengi wa Nairobi ninaowajua hawajawahi kuvuka Isiolo, na barabara ipo, nzuri, lami tupu hadi mpakani. Ya pili mtaiona tukifika mbele.

#2 Kahawa Chungu

Nafuatilia. Mimi mwisho wangu ni Nanyuki. Tupe yote, na mafuta usisahau.

#3 Baba Njeri (mleta uzi)

Mafuta: kwenda nilitumia kama lita 58. Nilijaza Nairobi, nikaongeza Isiolo, nikajaza tena Marsabit. Baada ya Isiolo usipite mji wenye kituo cha mafuta ukijiambia utaweka huko mbele. Mji unaofuata uko mbali.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki nakupita haraka kwa sababu wengi mnakujua: mashamba ya mananasi ukishaiacha Thika, Kenol, Sagana, Karatina, ile barabara mpya pana inayomfanya mtu asahau tulivyokuwa tukikwama nyuma ya malori. Baba Halima alikuwa kimya. Hilo halikunishangaza. Yeye ni mtu wa kujibu, si wa kuanzisha. Ndivyo nilivyomzoea tangu siku ya kwanza.

Pale Nanyuki tulisimama kwenye mstari wa Ikweta. Kumbe amepita hapo tangu 1999 na hajawahi kushuka garini. Kuna kijana mwenye beseni lenye tundu, anakutembeza hatua ishirini kaskazini, maji yanazunguka hivi, halafu hatua ishirini kusini, yanazunguka vile. Kijana ana maneno mazuri na nilimlipa kwa moyo mmoja, lakini mkiwa na watoto waelezeni ukweli. Nguvu inayotokana na dunia kujizungusha ipo, na ndiyo inayozungusha vimbunga vikubwa baharini. Kwa beseni na hatua ishirini ni ndogo mno, haiwezi kugeuza kitu. Maji yanafuata mkono ulioyamwaga.

Mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo. Mita 5,199, theluji kidogo tu kwenye vilele. Mama yangu hunisimulia kwamba utotoni mwake ilionekana nyeupe zaidi.

#4 Baba Njeri (mleta uzi)

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Ukitoka Nanyuki, barabara inapanda begani mwa mlima kuelekea Timau. Kuna baridi ya kuvaa sweta mbili. Ngano pande zote, mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa plastiki, kondoo wenye manyoya mazito. Hapo uko juu ya mita 2,000. Unafika njia panda ya Subuiga: kulia unakwenda Meru, kushoto unashuka Isiolo.

Tulipokata kushoto na kupita kona chache, nchi ikafunguka yote kwa mara moja. Sijui niseme vipi. Chini kule kulikuwa na uwanda wa rangi ya ngozi ya simba, hauna mwisho, na milima imesimama mmoja mmoja, buluu, kila mmoja na mwenzake mbali, kama wazee walioketi baraza bila kuongea. Niliegesha pembeni. Nilikaa nimeshika usukani na gari limezimwa.

Mteremko huo ni mkali. Tumieni gia, msining'inie kwenye breki, maana unapoteza karibu mita elfu moja kwa safari ya chini ya saa nzima. Kila baada ya dakika chache tulikuwa tunafungua kitu: kwanza zipu, halafu sweta, halafu madirisha. Masikio yakaziba. Majani ya kijani yakaisha, migunga ikaanza.

Kwa nini upande huu ni mkavu hivyo, na Meru, upande wa pili wa mlima uleule, kuna ndizi na majani chai? Upepo wenye mvua unatoka Bahari ya Hindi. Unafika mlimani kupitia upande wa Embu na Meru, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga maji yake huko. Ukishavuka kuja huku hauna kitu mkononi.

Na hapo ndipo Baba Halima alipoanza kuongea.

Nawaambieni, sikumtambua. Alikuwa amejikunja kwenye kiti tangu Nairobi, sasa aliketi wima, mkono nje ya dirisha, ananionyesha milima kwa majina. Ule pale una maji juu. Huu hapa malisho yake hayana chumvi. Pale lori letu lilipinduka. Akanisimulia alivyoshuka Nairobi mara ya kwanza mwaka 1999, akiwa juu ya lori la ng'ombe, siku tatu, amejifunga shuka kwenye vyuma ili akisinzia asiangukie kwenye pembe. Miaka 16 tunakunywa chai pamoja na hiyo hadithi sikuwahi kuisikia. Kadiri yeye alivyozidi kuongea, mimi nilizidi kunyamaza.

Isiolo tulikula nyirinyiri na chapati. Kwa wasioijua, hiyo ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka maji yote yakaisha, ikahifadhiwa kwenye mafuta yake. Inakaa muda mrefu bila friji. Kando yetu akina mama walikuwa wanapakia mitungi ya maziwa ya ngamia kwenye basi la Nairobi. Hayo maziwa yanafika Eastleigh siku hiyohiyo. Nimeyanywa dukani kwa Baba Halima mara nyingi na sikuwahi kuuliza yametoka wapi.

Kijana aliyetuletea chai akamsalimia, "Nagaa?" Akajibu, "Nagaa." Halafu yule kijana akamuuliza kwa Kiswahili, huku ananitazama mimi, "Mmetoka Kenya lini?"

Nilidhani nimesikia vibaya.

#5 Mlipa Kodi

Hii ya "umetoka Kenya" huwa inaniudhi. Isiolo ni Kenya. Mbona wanajitenga?

#6 Binti wa Saku

Ndugu, hatukujitenga, tulitengwa. Wakati wa Mwingereza kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa, huwezi kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ukaja na vita vya Shifta, kati ya serikali na wapiganaji wa huku, 1963 hadi 1967. Halafu ukaja Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965, ambao ulisema pesa za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa zaidi. Hapo ni kwenye mvua, reli na mashamba. Sisi tukaambiwa tungoje. Bibi yangu alizaliwa Marsabit, akafa Marsabit akiwa na zaidi ya miaka 80, na lami ya kuingia mjini kwetu hakuiona. Neno "Kenya" kwake lilikuwa mahali malori yanakotoka.

#7 Mlipa Kodi

Sikulijua hilo la kibali. Asante dada, nimekusikia.

#8 Dereva wa Zamani

Acheni mimi nishuhudie. Nimeendesha lori Isiolo–Moyale kabla ya lami. Tulikuwa tunakusanyika Isiolo, tunangoja msafara wenye askari wa kusindikiza, kwa sababu ya majambazi. Barabara ilikuwa mawe na mawimbi ya changarawe, gari zima linatetemeka mpaka meno yanauma. Springi zikikatika kwenye jangwa la Dida Galgalu, unalala chini ya lori siku mbili tatu ukingoja mwenzako akuletee nyingine. Niliwahi kutumia siku nne, kwenda tu. Kipande cha kwanza cha lami kilikuwa Isiolo hadi Merille, kilometa 136, halafu wakaendelea mpaka wakaunganisha yote miaka ya 2010. Siku nilipopita yote mara ya kwanza nilifika Moyale mchana, nikaketi ndani ya lori sijui nifanye nini na jioni yote iliyobaki.

#9 Baba Njeri (mleta uzi)

Mzee wangu, asante. Ulivyosema ndivyo Baba Halima alivyonisimulia, hata la springi.

Niendelee. Baada ya Isiolo unafika Archer's Post, unavuka Ewaso Nyiro, mto wa rangi ya kahawia wenye mikoma kandokando. Mikoma ni ile minazi inayogawanyika matawi. Ukishavuka, mkono wa kushoto unasimama mlima Ololokwe, jiwe moja lililokatwa juu kama meza. Unauona nusu saa kabla ya kuufikia, na nusu saa baada ya kuupita bado uko kwenye kioo. Tuliona choroa watatu wamesimama barabarani, pembe zimenyooka kama fimbo. Baba Halima hakutaka nipige honi. Alisema ngoja, wana haki ya njia.

Kati ya Merille na Laisamis, saa nane mchana, mshale wa joto ukapanda ghafla. Nikasimama. Moshi mweupe. Nilijua kabla sijafungua boneti: siku mbili kabla ya safari, gereji moja Nairobi ilinibadilishia mpira wa juu wa rejeta, na klipu haikukazwa. Mpira ulikuwa umechomoka wote, maji yamemwagika. Naomba mnisikie kwa hili: gari likichemka, usiguse kifuniko cha rejeta mpaka uweze kuweka kiganja juu yake bila kuungua. Tulingoja dakika arobaini, na hapo hakuna kivuli isipokuwa cha gari lenyewe.

Maji ya kunywa tulikuwa nayo chupa mbili. Hazitoshi.

Akatokea kijana Mrendile na ngamia wake, labda 30, na punda mmoja aliyebeba mitungi. Baba Halima ni Mborana, Kirendile hakijui. Kijana hajui Kiborana. Mimi sijui chochote kati ya hivyo viwili. Tukasalimiana kwa Kiswahili, sisi watatu, katikati ya nchi hiyo. Yule kijana aliangalia injini, akaangalia ardhi iliyolowa chini yake, akaenda kwa punda akarudi na mtungi wa lita tano. Akaumimina mwenyewe, polepole, bila kupoteza tone, kidole kimekinga mdomo wa mtungi. Nilitoa pesa mfukoni. Akarudi nyuma hatua moja.

"Maji hatuuzi."

Nyuma ya gari nilikuwa na mtungi mtupu wa lita ishirini, wa kuoshea sukuma. Baba Halima akanikonyeza. Nilipompa huo aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza akatazama kitako, akapiga kwa kidole asikie kama una ufa. Akaufunga juu ya punda, akaenda zake na ngamia. Hayo maji nilikuja kuuliza baadaye: kisima kilichokuwa karibu kilikuwa mwendo wa saa tatu.

Klipu nilikaza kwa sarafu, maana bisibisi nilikuwa nimeiacha stoo. Ikafika Moyale na kurudi.

#10 Kahawa Chungu

Hiyo ya maji imenishika koo. Mlilala wapi?

#11 Baba Njeri (mleta uzi)

Marsabit. Usiku usiendeshe. Ngamia hulala kwenye lami kwa sababu ina joto, na aliyesimama ni mrefu mno, taa zako zinampiga miguuni tu na mwili wote unakuja kwenye kioo.

Marsabit ni ajabu nyingine. Umetoka kwenye jua la kupasua mawe, barabara inaanza kupanda, na ghafla kuna ukungu, miti mirefu yenye ndevu za kuvu, watu wamevaa makoti. Ni mlima wa volkano uliosimama peke yake katikati ya ukame. Usiku hewa yenye unyevu kutoka baharini inaupanda, inapoa, inageuka ukungu, na msitu unakunywa ukungu huo. Asubuhi hadi saa tatu nne huoni mbele, halafu jua linaufuta.

Nilipokuwa darasa la tano tulipelekwa Makumbusho ya Nairobi. Pale uani kuna sanamu ya ndovu mkubwa, pembe zake karibu ziguse ardhi. Ni Ahmed wa Marsabit, ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970, akawa na walinzi wake mpaka alipokufa 1974. Nimeipita ile sanamu maisha yangu yote. Jioni hiyo tukinywa chai, Baba Halima akasema babu yake alikuwa akimwona Ahmed akija kunywa maji kwenye ziwa la kasoko msituni, na kwamba wazee walikuwa wakimpisha bila mtu kuwaambia. Alilisema hivi, kama mtu anayemsimulia jirani.

#12 Binti wa Saku

Ziwa hilo ni Paradise. Na mngeteremka chini ya mlima mngeona visima vya kuimba. Wanaume wanapangana kwenye ngazi ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wanarushiana ndoo na kuimba ili mikono isipotezane. Mifugo inausikia wimbo wa bwana wake inakuja. Mkipita tena msiache.

#13 Baba Njeri (mleta uzi)

Hatutaacha, dada.

Siku ya pili. Ukishuka Marsabit kuelekea Turbi unaingia Dida Galgalu. Ni mawe meusi ya volkano, makubwa kama vichwa vya watu, yamemwagwa mpaka upeo wa macho, na barabara moja imepita katikati kama mshono. Hakuna mti. Upepo unalisukuma gari upande mmoja na unashika usukani umeupinda kidogo muda wote ili uende sawa. Nilizima redio, haikufaa mahali hapo. Turbi tulipita polepole. Julai 2005 watu wengi waliuawa pale, watoto wa shule wakiwemo, na Baba Halima alishusha kofia yake mpaka tulipoimaliza ile mitaa.

Kuna kizuizi kimoja tulisimamishwa, sitakitaja. Gari ni langu na anayeendesha ni mimi. Afisa alinisalimia vizuri, akainama, akamwomba Baba Halima kitambulisho. Akakisoma mbele na nyuma. Akamuuliza jina la baba yake, alikozaliwa, anakwenda kwa nani. Mimi hakuniuliza hata leseni. Na nikaona jambo: kitambulisho cha Baba Halima hakikutoka kwenye pochi. Kilikuwa mfuko wa shati, tayari, tangu asubuhi. Mimi changu sikumbuki nilikitoa lini mara ya mwisho. Baba Halima hakusema neno, akarudishiwa, tukaenda.

Sololo, kwao Baba Halima, tulifika kabla ya saa sita. Mama yake ameketi mkekani, mguu umenyooshwa, mwembamba, macho makali. Alinishika mkono akauacha ndani ya wake muda wote akiongea na mwanawe kwa Kiborana. Kisha akanigeukia na kuuliza kitu. Baba Halima akatafsiri: "Anauliza kama Kenya kuna mvua."

Nikasema ipo kidogo, Mama. Akatikisa kichwa, akafurahi kwa ajili yetu.

Nyuma ya nyumba kuna zizi la miiba. Ni kubwa, la ng'ombe arobaini na zaidi. Ndani kulikuwa na ng'ombe watatu na ndama. Nilimuuliza shemeji yake Baba Halima wengine wako malishoni wapi. Akanitazama kama mtu asiyejua kama ninauliza kweli.

Mnakumbuka ule ukame. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Magazeti yaliandika zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa nchini. Nilisoma nikafungua ukurasa mwingine. Ng'ombe wa mama huyu walikufa mmoja mmoja, na mwanawe alikuwa anauza kila kitambaa anachoweza ili kutuma pesa za majani makavu kwenye lori, ng'ombe wa mwisho wakawa wanainuliwa kwa mikono asubuhi ili wasimame. Mwaka huohuo mimi nilikuwa naketi dukani kwake kila jioni nikimlalamikia bei ya nyanya. Niliona amekonda. Nilimuuliza mara moja, akasema ni biashara tu. Sikuuliza mara ya pili.

Hiyo ndiyo sababu ya pili ya huu uzi.

Moyale nitaifupisha. Tulikwenda siku moja na kurudi. Mji mmoja uko nchi mbili, Kenya na Ethiopia, ukivuka kituo cha mpakani magari yanahamia mkono wa kulia, na hata kalenda ni nyingine. Anjera yao, ule mkate mwembamba, ni chachu na laini, kahawa inakaangwa mbele yako. Ni mji wa kuandikiwa uzi wake.

#14 Mlipa Kodi

Nimesoma yote. Swali: huyo rafiki yako anajua umeandika haya?

#15 Baba Njeri (mleta uzi)

Nilimsomea kabla sijaweka. Alisikiliza, akasema weka.

#16 Baba Halima Sololo

Salamu wote. Halima amenifungulia akaunti. Mimi ndiye niliyekaa kiti cha kushoto.

Baba Njeri, umeandika vizuri, lakini nakusahihisha mawili. Pale kizuizini umesema sikusema neno. Nilisema. Nilisema "asante, afande." Nilitaka tufike chai ya mama haijapoa. Nimelisema hilo neno mara nyingi, na ukikaa njiani na mtu huyo kwa ubishi, anayengoja nyumbani ndiye anayeumia.

La pili ni la ule mwaka. Hukuuliza mara ya pili, ni kweli. Hata ungeuliza nisingekuambia. Ulikuwa umemzika mzee juzi. Mtu ana kaburi bichi nyumbani, unamletea habari ya ng'ombe?

#17 Baba Njeri (mleta uzi)

Baba Halima, ungeniletea. Wewe ulikuja ukachimba.

#18 Dereva wa Zamani

Nyinyi wawili mmenifanya nimpigie simu taniboi (utingo) wangu wa zamani. Miaka tisa hatujaongea. Yuko Isiolo, ana wajukuu.

#19 Baba Halima Sololo

Mzee, mpitie. Barabara ni fupi siku hizi.

Baba Njeri, mama amepiga simu asubuhi. Anatembea na fimbo mpaka mlangoni. Anauliza kama mama Njeri ameanza kutumia ile chicho, chombo cha maziwa cha kusukwa, aliyompa. Amesisitiza jambo moja: isioshwe na sabuni, nyuzi zake zitaoza. Chukua makaa mawili ya mgunga, yatie ndani, funika, tikisa mpaka moshi uenee, mwaga majivu, pangusa. Mgunga ukikosekana hapo Nairobi niambie, dukani ninao kidogo, nitakuletea Jumamosi.